Ua Lipi la Kuita Vipepeo Nyanda za Juu Kusini? Lantana, Pentas, Alizeti Pori, Mtukutu na Zinia

Ukisimama kwenye vitalu vya miche kando ya barabara hapa Mbeya ukasema unataka maua ya kuita vipepeo, utaonyeshwa ua lenye rangi kali kuliko yote. Muuzaji hana kosa, rangi ndiyo inayouza. Lakini kwa kipepeo rangi ni kibao cha duka tu. Humvuta kutoka mbali, akatua, akaonja kwa miguu (vionjio vyake viko miguuni), kisha akakunjua mrija wake mwembamba kutafuta mbochi, yale maji matamu ya ndani ya ua ambayo nyuki huyageuza asali. Asipoipata, anaruka kwenda kwa jirani.

Nimepanda na kung'oa maua kwa miaka kadhaa upande wa Uyole, na swali ninaloulizwa sana ni lile lile: nichukue hili au lile? Basi hapa nayaweka sambamba, mawili mawili, matatu matatu. Nayapima kwa mambo matatu: kama mbochi yake inafikika, kama linachanua wakati vipepeo wana njaa, na kama halitaleta balaa kwangu, kwa mifugo au kwa majirani.

Hilo la pili ndilo linalotutofautisha na watu wa pwani. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa wako chini yetu kidogo, Njombe wanakaribia 2,000. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Tukuyu huzidi hapo. Desemba hadi Mei huna haja ya kuhangaika: kishona nguo kwenye kingo za mashamba peke yake kinalisha vipepeo wengi. Juni na Julai baridi inabana, na huko Njombe na Makete sakitu, yaani umande ulioganda, inaweza kuunguza majani kwa usiku mmoja. Kisha Agosti mpaka mvua za kwanza ni vumbi, upepo na mioto ya nyasi. Vipepeo hawapotei wote kipindi hicho. Wapo wanaokipitia wakiwa wazima, wakizunguka kutafuta tone la mbochi popote lilipo. Ndiyo maana ua moja linalochanua Agosti nalithamini kuliko matatu yanayochanua Machi.

Jambo jingine la huku kwetu ni jua. Kipepeo hana joto lake mwenyewe. Asubuhi ya Julai utamkuta ametandaza mbawa ukutani au juu ya jiwe, anaota jua, na mara nyingi haruki mpaka saa tatu au saa nne misuli yake ipate moto. Ua lolote utakalochagua katika haya, ukilipanda nyuma ya nyumba palipo na kivuli na upepo, utakuwa umepoteza mche. Lipande upande unaopigwa na jua la asubuhi, penye ukuta au uzio wa kukinga upepo, na uache jiwe bapa moja au mawili karibu.

Lantana au pentas

Nitakaa hapa muda mrefu, maana huu ndio uchaguzi ambao watu wengi hukosea, na mimi nilikosea.

Kwa wingi wa vipepeo kwa siku, lantana haishindwi kirahisi. Chukua kichala chake kimoja ukitazame kwa karibu. Ni viua vidogo vingi vilivyobanana, vya katikati vya njano, vya pembeni vimegeuka rangi ya chungwa, nyekundu au waridi. Cha njano ndicho kipya na ndicho chenye mbochi. Kikishatembelewa na kuzeeka, kinabadilika rangi. Sasa msubiri kipepeo atue. Utaona mrija unazama kwenye vya njano, unatoka, unazama tena, na vile vyekundu anavipita kama havipo. Nimewahi kuchuchumaa mbele ya kichaka kimoja mpaka miguu ikafa ganzi, nikimwangalia mmoja akifanya hivyo kichala baada ya kichala.

Pamoja na hayo, siipandi tena. Lantana asili yake ni Amerika ya kitropiki, na ililetwa huku kama ua la bustani na la uzio. Ndege hupenda matunda yake meusi, wakadondosha mbegu kila mahali. Sasa imeshika kingo za misitu, mabonde na malisho. Ikishasongamana hata mbuzi hapiti, na chini yake nyasi haziendelei.

Kubwa zaidi, ni sumu kwa mifugo. Nilikuwa na uzio wa lantana mbele ya nyumba. Kiangazi kimoja niliupogoa, nikatupa matawi nje ya geti nikidhani yatakauka tu. Nyasi zilikuwa zimekwisha kabisa, na mtamba wa jirani akayala. Siku chache baadaye ngozi ya puani ikaanza kubanduka, macho yakawa na umanjano, na mnyama hakutaka kutoka kivulini. Daktari wa mifugo alipofika aliuliza kwanza kama kuna lantana karibu. Sumu yake huharibu ini, na ini likishindwa kazi ngozi haistahimili jua, hasa sehemu zenye rangi nyeupe. Mtamba alipona, lakini ilichukua wiki nyingi na makovu yalibaki. Jirani yangu ni mama mtu mzima, hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, uzio huu utautoa lini?" Nilimwomba radhi, nikalipia dawa, na nikautoa mwezi uleule na visiki vyake, maana ukikata juu peke yake inachipua kwa nguvu mpya.

Pentas ndiyo iliyochukua nafasi yake. Hii ni ya kwetu, huota yenyewe Afrika Mashariki kwenye vichaka na kingo za misitu, na dunia nzima sasa inaipanda kwa ajili ya vipepeo. Viua vyake ni nyota za ncha tano, vimekusanyika pamoja kama kiti kidogo ambapo kipepeo anatua bila kuhangaika. Kila kiua kina mrija mrefu mwembamba, na mbochi iko chini kabisa. Nyuki wengi ulimi wao haufiki huko. Kipepeo anafika. Kwa hiyo unachopanda kinabaki kwa mgeni uliyemkusudia.

Kwa idadi, mita moja ya lantana huita vipepeo wengi kuliko mita moja ya pentas, sitakataa. Lakini pentas ukiimwagilia inaendelea kuchanua hata baada ya mvua kukatika, haina miiba, haivamii shamba la mtu, na miche yake huinunui mara mbili. Kata kipandikizi cha urefu wa kidole kutoka tawi lisilo na ua, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini na usiache kukauke. Wiki tatu au nne kina mizizi. Udhaifu wake ni sakitu. Njombe na Makete isipande uwanjani wazi. Iweke kwenye chungu ukutani, au kila Mei kata vipandikizi vichache uvilaze ndani ya nyumba kama akiba.

Ukiuliza rangi, ningekwambia nyekundu au waridi. Nyeupe nayo hutembelewa, ila kwangu nyekundu ndizo zinazotangulia kupata wageni.

Alizeti pori au mtukutu

Aliyewahi kupita barabara ya Tukuyu mwisho wa mvua anaijua alizeti pori hata kama hajui jina lake. Ni zile kuta za njano pembeni mwa barabara, ndefu kuliko mtu, zenye harufu kama ya asali. Kitaalamu ni Tithonia diversifolia na asili yake ni Meksiko na nchi jirani za huko. Ua lake ni meza pana. Katikati kuna viua vidogo vingi vinavyofunguka pete kwa pete kutoka nje kwenda ndani kwa siku kadhaa, kwa hiyo ua moja hulisha wageni siku nyingi.

Kasoro yake ni muda. Inachanua sana wakati ambapo kila kitu kingine nacho kinachanua. Halafu inataka nafasi, mbegu zake zinaruka, shina lililolala chini linaota, na baada ya misimu miwili jirani anaanza kukuuliza. Kama tayari iko kwenye mpaka wako, usiihangaikie kuimaliza. Acha ichanue, kisha ikate kabla mbegu hazijakomaa, majani uyafukie kwenye mashimo ya mahindi au viazi. Yanaoza haraka na yana rutuba nyingi, wakulima wengi wanayatumia hivyo kama mbolea ya kijani. Lakini kuinunua au kuipanda upya kwa ajili ya vipepeo, hapana.

Mtukutu ni habari nyingine, na nasikitika kwamba hauuzwi kwenye vitalu vingi. Ni ule mti mdogo wa majani machungu ambao wazee huutumia kwa homa na tumbo. Hata sokwe wa Mahale, kule Kigoma, watafiti waliwaona wakitafuna uti wa matawi yake machanga wanapokuwa na minyoo. Maua yake ni meupe, madogo, mengi kwenye kishada kimoja, na hufunguka kiangazi, wakati udongo umepasuka na hakuna kitu kingine. Simama chini ya mtukutu uliochanua saa tano za mchana utasikia mvumo kabla hujaona kitu: nyuki, nyigu wadogo, na katikati yao vipepeo weupe na wa rangi ya chungwa wanaopishana juu ya vishada.

Hauna uzuri wa kuonyesha wageni. Maua yakishanyauka yanakuwa ya kahawia na yanaonekana machafu, na mti usipopogolewa unakaa shaghalabaghala. Mimi naupogoa mara tu maua yanapokwisha, nauacha kwenye urefu wa mtu, na matawi niliyokata nayachomeka mpakani mwa kiwanja mvua zinapoanza. Mengi yanashika. Kati ya hivi viwili nachagua mtukutu bila kusita, na kama una nafasi ya mti mmoja tu nyuma ya nyumba, uwe huo.

Budleya, kwa wenye baridi kali

Wa Njombe, Makete, Mufindi na Umalila nawasemea hili kwa msisitizo. Ipo budleya ya Kichina, ile ya vishada virefu vya zambarau inayosifiwa sana nje. Na ipo ya milima yetu, Buddleja salviifolia, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini. Majani yake ni marefu, yamekunjamana, juu kijani iliyopauka na chini meupe kama yamepakwa unga. Inavumilia baridi, na inachanua baridi inapoanza kuachia, Agosti hadi Oktoba, kwa vishada vya rangi ya zambarau hafifu vyenye harufu tamu. Ile ya Kichina sioni sababu ya kuihangaikia. Imekwisha kuwa gugu katika nchi kadhaa, na ya kwetu inatoa chakula mwezi ule hasa tunaouhitaji. Ni kichaka kikubwa, kipe mita tatu kila upande.

Zinia, kosmosi na marigoldi

Haya ndiyo maua ya mwenye haraka au aliyepanga nyumba, asiyetaka kupanda kitu atakachokiacha. Pakiti moja ya mbegu inatosha, na kutoka kupanda mpaka kuona ua la kwanza la zinia ni kama miezi miwili, kwenye baridi zaidi kidogo.

Lakini usiangalie rangi kwenye picha ya pakiti, angalia idadi ya safu za petali. Zinia ya safu moja au mbili ina kitovu wazi, na juu ya kitovu hicho utaona vinyota vidogo vya njano vimezunguka kama taji. Vinyota hivyo ndivyo maua yenyewe yenye mbochi. Petali za rangi ni mapambo ya kuitia. Zinia iliyojaa safu kibao kama mpira, ile ambayo kwenye picha inaonekana ya bei, vinyota vyake vimefunikwa au vimegeuzwa petali. Kipepeo anatua, anazungukazunguka, anaondoka. Marigoldi nayo iko hivyo hivyo: ile ya mviringo mkubwa inapendeza kwenye harusi, kwa kipepeo ni sahani tupu. Ya safu moja, ndogo, inafaa.

Kosmosi haina shida hiyo sana, nyingi ni za safu moja. Ni nyepesi kuliko zinia, inakubali udongo mbovu, na kwa kweli ukiizidishia samadi inakupa majani na kuchelewesha maua. Inadondosha mbegu na kujiotea mwaka unaofuata. Upande wa mbochi naiona iko nyuma ya zinia. Kosmosi huleta vipepeo wadogo wadogo, zinia inawaita na wale wakubwa wenye mikia.

Tukuyu zinia inasumbuliwa na ukungu mweupe wa majani kwa sababu ya unyevu. Usiipande Novemba. Panda Februari au Machi ili ichanue mvua zinapopungua, acha nafasi ya futi moja kati ya mche na mche, na umwagilie chini, si juu ya majani.

Yanayopendeza lakini hayalishi

Haidrenjia, yale maua makubwa ya buluu na waridi mnayoyaona kwenye nyumba za mashamba ya chai Mufindi na Rungwe, karibu viua vyake vyote ni tasa. Hakuna cha kunywa. Bogonvilia: kile chenye rangi si ua bali ni jani lililogeuka rangi, ua lenyewe ni kimrija cheupe kidogo kilicho katikati, na mbochi yake ni kidogo. Waridi za kisasa zilizojaa petali ni kama zinia ya mpira. Sisemi muyang'oe. Mke wangu ana haidrenjia tatu na zitabaki pale pale. Ila usizihesabu kwenye bustani ya vipepeo.

Na okidi. Kuna watu wanaokwenda Kitulo wakati wa mvua, wakarudi na okidi zimefungwa kwenye mfuko. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kung'oa mmea pale ni kosa. Na hata kwa nia yako ya vipepeo hutafaidika: sehemu kubwa ya okidi duniani, kama theluthi moja ya aina zake, hazitoi mbochi kabisa, humdanganya mdudu kwa sura na harufu tu. Nenda Januari au Februari uziangalie zilipo, kwenye mita 2,600 na ushei, ndipo zilipozoea.

Kwa anayetaka kuona yote kwa pamoja:

| Ua | Linachanua lini kwetu | Sakitu | Maji kiangazi | La kuangalia |
|---|---|---|---|---|
| Pentas | Karibu mwaka mzima ukimwagilia | Inakufa | Mara mbili kwa wiki | Linda na baridi |
| Lantana | Muda mrefu | Inaungua, inachipua | Haihitaji | Sumu kwa mifugo, inavamia |
| Alizeti pori | Mwisho wa mvua | Inaungua | Haihitaji | Inasambaa |
| Mtukutu | Kiangazi | Unavumilia kiasi | Hauhitaji ukishashika | Pogoa kila mwaka |
| Budleya ya kwetu | Agosti hadi Oktoba | Inavumilia | Kidogo | Inataka nafasi |
| Zinia | Miezi miwili baada ya kupanda | Inakufa | Inahitaji | Chagua safu moja |
| Kosmosi | Kama zinia | Inakufa | Kidogo | Usizidishe samadi |

Mbochi ni ya wageni, majani ni ya watoto

Bustani ya mbochi peke yake ni kama hoteli ya kulia chakula cha mchana. Wanakula, wanaondoka. Ukitaka wakae, wape mahali pa kutagia, na hapo unachagua mmea ambao utakubali uliwe.

Rahisi kuliko wote ni mlimau au mdimu. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano hafifu hutaga kwenye majani yake machanga, yai moja moja. Kiwavi akiwa mdogo ni wa kahawia mwenye baka jeupe, utadhani ni kinyesi cha ndege. Watoto wangu walimpita mara ngapi wakidhani hivyo. Akikua anageuka kijani. Mguse kidogo kwa ncha ya jani: kutoka nyuma ya kichwa inachomoza pembe ya rangi ya chungwa yenye ncha mbili, na harufu kali inakujia puani. Ndiyo silaha yake dhidi ya sisimizi na wadudu wengine wanaomwinda. Mlimau mkubwa hautetereki kwa viwavi kumi. Mche wa nusu mita unaweza kubaki vijiti, kwa hiyo wahamishie kwenye mti mkubwa, au panda milimau miwili, mmoja wako na mmoja wao.

Kwa yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha za mbawa nyeusi na madoa meupe, unahitaji mmea wa utomvu mweupe wa jamii ya Gomphocarpus, ule wenye matunda yaliyovimba kama puto lenye vinywele. Unaota wenyewe kwenye malisho yetu. Kiwavi hula sumu yake akaihifadhi mwilini, na ndege hujifunza kumwacha. Yuko hata kipepeo wa aina nyingine kabisa ambaye jike lake limevaa mavazi yaleyale ili naye aachwe. Utomvu usikuingie machoni, na mmea uwe mbali na watoto na mifugo.

Na ukipanda marejea kurutubisha udongo, usiing'oe yote ikikauka. Utaona madume wa huyu wa chungwa wamejazana kwenye mabua makavu, wakiyakwaruza. Hawafuati mbochi. Wanakusanya kemikali ya kutengenezea manukato ya kuvutia majike.

Kuna mmoja ninayempenda kupita wote, Precis octavia. Mvua zikiwepo anazaliwa mwekundu wa chungwa. Wale wanaokulia kwenye baridi ya kiangazi wanatoka wa buluu, tofauti kabisa, ungeapa ni aina mbili. Viwavi wake hula jamii ya koleusi, yale maua ya majani ya rangirangi yanayopandwa vibarazani. Panda mashina matatu chini ya mtukutu uone.

Haya yote hayana maana kama unapiga dawa. Hapa kwetu tunalima pareto, na wengi husema dawa ya pareto ni ya asili, haina neno. Kwa binadamu ni afadhali, na jua huivunja haraka. Lakini kwa mdudu haichagui: inaua vidukari wa kabichi, inaua na kiwavi wa kipepeo. Ukilazimika, piga jioni vipepeo wameshalala, kwenye kabichi tu, siku isiyo na upepo. Na unaponunua mche muulize muuzaji umepigwa dawa gani na lini. Mche uliopigwa karibuni uweke pembeni wiki kadhaa kabla hujauchanganya na mingine.

Ningepanda nini, mahali gani

Mbeya mjini na vitongoji vyake: mtukutu mmoja nyuma, mlimau mmoja, pentas tano au sita kwa pamoja mbele ya ukuta unaopata jua la asubuhi, na tuta la zinia kila Januari. Panda aina moja kwa mkusanyiko. Pentas sita pamoja huonekana na kipepeo kutoka juu, pentas sita zilizotawanywa kiwanja kizima hupotea.

Iringa ni kukavu zaidi na upepo wake mnaujua. Mtukutu uwe upande wa upepo kama ngao, kosmosi badala ya zinia, na chimba kishimo kidogo ujaze mchanga, mwaga maji yaliyooshewa mboga na chumvi kidogo. Vipepeo madume hukusanyika hapo kunyonya chumvichumvi.

Njombe na Makete: budleya kwanza. Pentas chunguni. Kosmosi kuanzia Desemba, na kishona nguo kiacheni kwenye kingo mpaka Juni, hata kama shamba litaonekana halijapaliliwa.

Tukuyu mna utajiri ambao sisi wengine hatuna. Msitu wa Mlima Rungwe uko juu yenu, na vipepeo wakubwa wa msitu, wale wenye mbawa nene na vijimkia viwili nyuma, maua hawayataki kabisa. Wanataka tunda lililochacha. Chukua ndizi zilizoiva hadi kuwa nyeusi, ziponde, ziache siku mbili ndani ya chombo kilichofunikwa, kisha weka kwenye sahani ukiitundika juu ya tawi penye jua kiasi, usawa wa kifua. Ukiiweka chini, sisimizi watafika kwanza.